Mzee Kenyatta Alipokuwa Mwanafunzi London

Safari hii zamu ya kuandika habari za watu mashuhuri imeniangukia mimi, na nimemchagua Mzee Jomo Kenyatta. Najua wengine mtaguna, maana huyu tunamjua tangu shule ya msingi: rais wa kwanza wa Kenya, usinga mkononi, Harambee. Leo huyo tumweke pembeni kidogo. Nataka tuzungumze habari za Kenyatta aliyekaa hapa Uingereza karibu miaka 15, hana ufadhili wa kueleweka, anadaiwa kodi ya chumba, anasoma huku akifanya kazi yoyote inayotokea. Yaani mbeba boksi mwenzetu.

Alizaliwa Kiambu katika miaka ya 1890, akaitwa Kamau wa Ngengi. Alisoma misheni ya Waskoti pale Thogoto, akabatizwa jina la Johnstone mwaka 1914. Kwenye miaka ya 1920 akapata kazi idara ya maji ya manispaa ya Nairobi, kutunza stoo na kusoma mita. Mshahara wake ulikuwa shilingi 250 kwa mwezi, na kwa Mwafrika wa wakati ule hizo zilikuwa pesa nzito. Mimi ninayesoma uhandisi wa maji nimefurahi kupita kiasi kujua kwamba Mzee alikuwa msoma mita. Ndugu zangu mnaosoma sheria na siasa, msitutambie tena.

Kazi hiyo nzuri aliiacha ili awe katibu wa chama cha Kikuyu Central Association, KCA, kilichokuwa kinadai ardhi iliyochukuliwa na masetla. Chama kikamtuma London mwaka 1929, akarudi 1930. Mwaka 1931 kikamtuma tena, pamoja na Parmenas Mockerie, waende kutoa maoni mbele ya kamati ya Bunge la Uingereza iliyokuwa ikijadili kuziunganisha Kenya, Uganda na Tanganyika. Kamati ikakataa kuwasikiliza. Fikiria, umevuka bahari kwa michango ya wakulima, halafu unaambiwa hupewi nafasi ya kuongea. Mockerie baadaye alirudi nyumbani. Kenyatta akabaki. Safari iliyokuwa ya miezi ikageuka ya miaka.

Kwanza alikwenda Woodbrooke, chuo cha Wakristo wa madhehebu ya Quaker kilichokuwa Selly Oak, Birmingham, akanoa Kiingereza chake. Baadaye akapata nafasi Moscow, akasoma huko kati ya 1932 na 1933. Hapo sitakaa sana, wanasiasa wameshabishana vya kutosha kama alirudi mkomunisti au la. Kwa ninavyomwona mimi, alikuwa mtu anayeingia mlango wowote ulio wazi ilimradi ndani kuna darasa.

Mwaka 1933 akarudi London akapanga chumba nyumba namba 95 Cambridge Street, Pimlico, si mbali na stesheni ya Victoria. Ukipita siku moja utaona ukutani kuna kibao cha buluu chenye jina lake na miaka aliyokaa, 1933 hadi 1937. Kibao hakisemi kwamba mama mwenye nyumba alikuwa anamdai kodi. KCA ilikuwa chama cha watu maskini. Pesa zilikuja kwa kuchelewa, na mara nyingine hazikuja kabisa. Wale mnaosubiri pesa za ufadhili mpaka mwezi unaisha mnaelewa nazungumzia nini.

Akaanza kuuza kitu pekee alichokuwa nacho ambacho London hakukuwa nacho kwa wingi, yaani lugha ya mama yake. Pale University College alilipwa kukaa na Lilias Armstrong, mtaalamu wa fonetiki, akitamka maneno ya Kikuyu wakati bibi yule anaandika jinsi sauti inavyopanda na kushuka. Kitabu kilichotokana na kazi hiyo kilitoka mwaka 1940, na wanaisimu wanakitumia mpaka leo. Kazi nyingine ilikuwa ya sinema. Filamu ya Sanders of the River ya mwaka 1935 ilihitaji Waafrika wengi wa kujaza kijiji cha bandia kilichojengwa Uingereza, na Kenyatta akacheza mmoja wa machifu. Filamu yenyewe inausifu utawala wa kikoloni bila aibu. Mtu aliyekuja London kupinga ukoloni akavaa mavazi ya chifu mtiifu ili apate chochote mfukoni! Paul Robeson, aliyekuwa mmoja wa nyota wa filamu ile, baadaye aliijutia. Mimi simlaumu Mzee. Kodi haisubiri msimamo.

Mwaka huo huo wa 1935 alianza masomo London School of Economics chini ya Profesa Bronislaw Malinowski. Angalieni hapo: hakuwa na digrii ya kwanza, lakini alipokelewa kusoma stashahada ya juu ya anthropolojia. Semina za Malinowski zilikuwa maarufu dunia nzima, na desturi yake ilikuwa mzungu anasoma karatasi kuhusu watu fulani wa mbali, wengine wanachambua. Sasa mmoja wa wale watu wa mbali alikuwa amekaa pale pale kwenye kiti. Kuna kipindi alikaa darasa moja na Elspeth Huxley, mwandishi aliyekulia kwenye shamba la masetla Kenya. Louis Leakey naye alikulia kati ya Wakikuyu na kuwaandikia vitabu, na yeye na Kenyatta walibishana vikali kwenye semina. Ukiwa mwanafunzi wa kigeni unajua ugumu wa kunyoosha mkono darasani pale mwenzako anapoeleza nchi yako na wote wanamwamini yeye. Kenyatta alinyoosha.

Karatasi zile ndizo zikawa kitabu cha Facing Mount Kenya, kilichotoka 1938, dibaji imeandikwa na Malinowski mwenyewe. Juu ya kitabu jina la Johnstone lilikuwa limeondoka, akaandika Jomo. Mwanzoni kilinunuliwa kidogo sana. Sura ya ardhi ndiyo ninayoipenda zaidi: kwa utulivu wa mtaalamu anaonyesha kwamba kila kipande cha ardhi ya Wakikuyu kilikuwa na mwenyewe na sheria zake, kwa hiyo habari ya masetla kukuta pori tupu haina miguu. Lile lile ambalo kamati ya Bunge ilikataa kulisikia mwaka 1931, alilirudisha kwa mlango wa chuo.

Lakini jamani, kuna upande mwingine ambao sifa zake huwa zinauruka. Nyumbani alimwacha mkewe Grace Wahu na watoto wawili, Peter Muigai na Margaret Wambui. Margaret alizaliwa 1928. Baba anaondoka mara ya kwanza mtoto ana mwaka mmoja. Vita vilipoanza 1939 njia ya kurudi ikaziba, na mwaka 1940 serikali ya Kenya ikaipiga marufuku KCA, hata zile senti za kuchelewa zikakoma. Kenyatta akahamia kijiji cha Storrington, Sussex, akafanya kazi za shamba na kwenye majumba ya vioo ya kuoteshea nyanya, jioni nyingine akihutubia madarasa ya watu wazima. Mwaka 1942 akamwoa huko mwalimu Mwingereza, Edna Clarke, na 1944 wakapata mtoto wa kiume, Peter Magana. Wahu alikuwa bado anamsubiri. Sikai kiti cha hakimu, ila naona si haki kuhesabu mateso ya Mzee peke yake na kuwaacha waliolipa pamoja naye.

Oktoba 1945 alikuwa Manchester kwenye Kongamano la Tano la Umajumui wa Afrika, pamoja na Kwame Nkrumah na George Padmore. Mwaka uliofuata akapanda meli Southampton. Edna, aliyekuwa na mtoto wa miaka miwili, alibaki Uingereza.

Meli ilifika Mombasa Septemba 1946. Wahu na watoto walikwenda kumpokea. Margaret, aliyemwacha akiwa mdogo hata hakumbuki sura yake, alikuwa msichana wa miaka 18. Mwaka 1947 akachaguliwa rais wa chama cha KAU, na kuanzia hapo habari zake mnazijua nyote.