Binti wa Jemadari: Utoto wa Zhu Min

Zhu Min alizaliwa mjini Moscow mnamo Aprili 1926, wakati babake, Zhu De, alipokuwa akisomea mbinu za kivita nchini humo. Mwaka huohuo Zhu De alirejea Uchina kushiriki mapinduzi, naye mtoto, kabla hajatimiza mwaka mmoja, akapelekwa kwa nyanyake mzaa mama mjini Chengdu. Huko ndiko alikokulia. Kwake baba alikuwa jina tu, tena jina la kunong'onwa, maana serikali ya Kuomintang ilikuwa ikimsaka mwenye jina hilo.

Walikutana Yan'an mwishoni mwa 1940. Binti alikuwa na umri wa miaka 14. Baba alikuwa jemadari wa majeshi ya Kikomunisti yaliyopigana na Wajapani. Furaha hiyo haikudumu. Tarehe 30 Januari 1941 binti alisafirishwa kwa ndege kwenda Moscow kusoma, akitumia jina la Chi Ying ili asitambulike ni mtoto wa nani. Hakuna aliyewaza wakati huo kwamba jina hilo lingekuja kuwa ngao ya uhai wake.

Pumu ilimsumbua, hivyo Juni 1941 akapelekwa kwenye kambi ya mapumziko ya watoto karibu na Minsk, huko Belarusi, apate hewa safi. Tarehe 22 ya mwezi huo majeshi ya Ujerumani yakavuka mpaka, na kabla mwezi haujaisha Minsk ilikuwa imetekwa. Watoto wakanaswa humo. Mnamo 1943 Zhu Min alihamishiwa kambi ya mateso katika Prussia Mashariki. Alipoulizwa asili yake, alishikilia kwamba yeye ni Chi Ying, mtoto wa tabibu wa Kichina. Njaa, kazi za sulubu na maradhi ya tezi za shingo havikumfanya aubadilishe usemi huo. Ni adimu kusikia habari za mtoto aliyelazimika kumkana baba ambaye hata hakuwa amepata kumzoea.

Huko Yan'an nako, mwaka uo huo wa 1943, Zhu De alimwandikia bintiye barua, asijue yuko wapi wala kama yu hai.

Jeshi la Kisovieti liliwakomboa wafungwa hao mapema mwaka 1945. Hatimaye Zhu Min alimfichulia ofisa mmoja wa Kisovieti jina la babake, na mwanzoni mwa 1946 akafika Moscow. Alijiunga na chuo cha ualimu mjini humo mnamo 1949, akahitimu mwaka 1953, kisha akarudi nyumbani kufundisha Kirusi katika Chuo Kikuu cha Ualimu cha Beijing. Lugha ya ugenini, aliyojifunza katika miaka ya dhiki, ndiyo iliyokuja kumpa kazi. Sasa baba na binti waliishi katika mji mmoja, hadi Zhu De alipoaga dunia Julai 1976. Zhu Min mwenyewe alifariki Aprili 2009.