Muhammed Said Abdulla: Fundi wa Kutia Hofu Tangu Ukurasa wa Kwanza

Mtu apitaye usiku Diani, akateremka hadi Msikiti wa Kongo, pale Mto Mwachema unapoingia baharini, hupita chini ya mibuyu mikubwa iliyokuwapo kabla ya babu zake. Ni majani na upepo tu, lakini moyo hauambiwi. Akienda kusini mpaka Kinondo, kwenye kaya ya Wadigo ambako mgeni hufungwa kaniki kiunoni kabla ya kuingia msituni, hata mchana watu hupunguza sauti. Hapajatokea neno, na tayari mtu anageuka kutazama nyuma.

Hali hiyo ya kutazama nyuma kabla ya jambo kutokea ndiyo waitafutayo mabingwa wa sinema za kutisha katika dakika za mwanzo wa picha. Katika lugha yetu, mmoja wa walioijua barabara hakuwa mtu wa sinema kabisa. Alikuwa mwandishi wa vitabu, marehemu Muhammed Said Abdulla wa Unguja.

Alizaliwa Makunduchi, kusini ya kisiwa, mwaka 1918. Alimaliza masomo mwaka 1938, akaajiriwa kuwa mkaguzi katika Idara ya Afya. Kazi ya ukaguzi humpeleka mtu uani na jikoni, akatazama yale yasiyoonwa na mgeni wa sebuleni. Baada ya miaka kumi aliingia katika magazeti. Mwaka 1948 akawa mhariri wa Zanzibari, na katika miaka iliyofuata akasaidia pia uhariri wa Al Falaq, Al Mahda na Afrika Kwetu. Mwaka 1958 alikabidhiwa gazeti la wakulima, Mkulima, akaliongoza hadi alipostaafu mwaka 1968.

Basi huyu mtu wa habari za mikarafuu na minazi ndiye aliyeshinda tuzo ya kwanza katika mashindano ya uandishi wa hadithi ya mwaka 1957 na 1958, yaliyoandaliwa na East African Literature Bureau. Hadithi yenyewe, Mzimu wa Watu wa Kale, ilichapishwa mwaka 1960. Humo maiti ya mtu tajiri yakutwa mzimuni.

Hebu tulitazame jambo hilo kwa utulivu, msomaji mpenzi. Maiti ikikutwa njiani, watu huuliza nani kaua. Ikikutwa mzimuni, swali hubadilika, watu wakauliza ni nini kilichoua. Mwandishi hana haja ya kueleza jini wala pepo. Amechagua mahali tu, na mahali pale pamekwisha kuelezwa na bibi wa kila msomaji, usiku, taa ikiwa imepunguzwa. Hofu hakuileta yeye. Aliikuta nyumbani kwetu akaigongea mlango.

Mwaka huo huo wa 1960, huko Marekani, Alfred Hitchcock alitoa sinema yake mashuhuri, Psycho. Picha hiyo haianzi kwa damu wala giza. Inaanza mchana, juu ya majumba ya mji wa Phoenix, na maandishi yanataja siku, tarehe na saa. Kisha jicho la kamera linashuka polepole, likaingia katika dirisha moja miongoni mwa madirisha mengi. Aliyekata tikiti hajaona la kutisha, lakini anajiuliza kwa nini saa ile, kwa nini dirisha lile. Kujiuliza huko ndiko kunakomkaza kitini.

Na mwaka 1968, Abdulla alipotoa kitabu chake cha pili cha Bwana Msa, Kisima cha Giningi, Mmarekani mwingine, George Romero, alitoa Night of the Living Dead. Sinema hiyo inaanza kwa gari moja katika barabara ndefu isiyo na watu. Kaka na dada wanakwenda kuzuru kaburi, wakizungumza mambo ya kawaida ya ndugu. Nyuma yao, kwa mbali, mtu anatembea kati ya makaburi, na mtazamaji anamwona kama mpita njia. Romero alitumia makaburi, na Abdulla alitumia jina tu, kwani kwa watu wa Unguja na Pemba Giningi ni mji wa wachawi, usioonekana kwa macho ya kawaida. Msomaji wa visiwani alianza kuogopa kwenye jalada, kabla ya kufungua kitabu.

Hapo ndipo njia zinapoachana. Sinema nyingi za kutisha, zikimaliza kutia hofu, huitimiza, na mzuka hutoka kweli. Abdulla alifanya kinyume. Alimleta Bwana Msa na kiko chake mdomoni, pamoja na rafiki yake Najum. Hapana shaka Bwana Msa ni jamaa wa Sherlock Holmes wa Waingereza, lakini amevaa uswahili wetu. Huyu hauogopi mzimu wala hauchezei. Anauliza maswali madogo madogo, anapima maneno ya huyu na ya yule, mpaka inadhihirika kwamba mkono uliofanya uovu ni wa binadamu, na kwamba sababu yake ni ya kibinadamu vilevile.

Kwa hiyo ule mwanzo wa kutisha ulikuwa na kazi mbili. Ulimvuta msomaji asiweke kitabu chini. Kisha, mwisho, ulimwonyesha jinsi hofu yake mwenyewe ilivyomfaa mhalifu. Kwani muuaji hapati kichaka kizuri kuliko mahali ambapo kila mtu anaogopa kupachungulia.

Somo hili si la vitabuni tu. Katika pwani yetu, Kilifi na hata hapa Kwale, wazee wameuawa kwa kutuhumiwa uchawi, na mara kadhaa imedhihirika kuwa nyuma ya tuhuma palikuwa na ugomvi wa shamba au urithi. Mtoto kaugua, bundi kalia, mzee kapita: huo ni mwanzo tu wa hadithi, na watu wamehukumu papo hapo bila kungoja ukurasa wa pili. Tumefundishwa kuwa ya ghaibu anayajua Mwenyezi Mungu. Ya shamba na hati yake tunaweza kuyauliza sisi wenyewe, na ni wajibu wetu kuyauliza.

Abdulla aliendelea kuandika. Duniani Kuna Watu kilitoka mwaka 1973, Siri ya Sifuri mwaka 1974, Mke Mmoja Waume Watatu mwaka 1975, Mwana wa Yungi Hulewa mwaka 1976, na Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Alifariki dunia mwaka 1991, Mwenyezi Mungu amrehemu.

Siku hizi vijana wa Diani hutazama picha za kutisha katika simu, taa zimezimwa, na wengine huzifunga dakika za mwanzo kwa woga. Hilo halina madhara, picha ni picha. Lakini katika mambo ya mtaani, pale maneno ya uchawi yanapoanza kunong'onwa juu ya mzee wa jirani, ni heri kumkumbuka mzee wa Makunduchi. Yeye alianza kwa hofu, na hakukubali kuishia nayo.