Henry Dunant: mfanyabiashara aliyeanzisha Croix-Rouge

Henry Dunant alizaliwa Genève, Uswisi, mwaka wa 1828. Hakuwa daktari. Juni 1859, kisha vita ya Solferino, Italia, alikuta maelfu ya majeruhi bila matunzo. Wakaaji wa Castiglione walileta maji na vitambaa. Mikono ilikuwapo, lakini waliojifunza kazi hiyo walikuwa wachache sana.

Mwaka wa 1862 akaandika kitabu, akiomba kila inchi itayarishe wasaidizi wakati wa amani. Croix-Rouge ikazaliwa 1863. Yeye mwenyewe alifilisika 1867, akaishi maskini. Mwaka wa 1901 alikuwa kati ya wawili wa kwanza kupewa Prix Nobel ya amani. Alikufa 1910.

Wazo lake lingali na nguvu: kusukuma kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama, hatujifunzi siku ya ajali. Tunajifunza mbele, kwa mikono, na mwalimu. Brevet inakuja nyuma.