Padri Pino Puglisi na Watu wa Kiapo

Upande wa kusini wa nchi ya Italia kuna kisiwa kikubwa kiitwacho Sicilia, na mji wake mkuu ni Palermo. Ukristu ulifika huko zamani sana. Makanisa ni mengi, na sikukuu za watakatifu hufanywa kwa maandamano na tarumbeta. Lakini katika kisiwa hicho hicho, tangu karne ya 19, kuna watu waliofungana kwa kiapo ili wajipatie mali na enzi kwa kuwatisha wenzao. Ulimwengu huwaita Mafia. Wao hujiita Cosa Nostra, maana yake Kitu Chetu. Makundi yao huitwa familia, ijapokuwa wote si wa damu moja. Asiyejua desturi zao hawezi kufahamu kwa nini padri mpole, asiye na silaha wala cheo, aliuawa mlangoni pa nyumba yake.

Kijana anayeingizwa katika familia hiyo huchomwa kidole mpaka kitoke damu. Damu hudondoka juu ya picha ya mtakatifu. Kisha picha huwashwa moto mikononi mwake, naye huapa kwamba mwili wake na uungue kama karatasi ile siku atakapoisaliti familia. Mambo hayo mmoja wao, Tommaso Buscetta, alimweleza hakimu Giovanni Falcone mwaka 1984. Tazameni uovu wake, ninyi mnaojitayarisha kwa Ubatizo: ni ubatizo wa kinyume, damu mahali pa maji, na mtakatifu mwenyewe kuchomwa moto.

Nguvu ya watu hao yatoka katika mambo mawili. La kwanza ni hofu. Mwenye duka hutakiwa kutoa fedha kila mwezi ili duka lake lilindwe, na mlinzi ndiye yule yule atakayelichoma asipolipwa. Aliyeona husema hakuona. La pili lafichika zaidi, nalo ni fadhili. Asiye na kazi huenda kwa mkubwa wa mtaa akapata kazi. Mke wa mfungwa hupata chakula cha watoto. Kile ambacho mtu angepaswa kukipata kwa haki yake, mkubwa humpa kama zawadi, na tangu siku hiyo mpokeaji si mtu huru tena.

Giuseppe Puglisi, ambaye watu wote walimwita Pino, alizaliwa katika mtaa maskini wa Brancaccio, huko Palermo, tarehe 15 Septemba 1937. Baba yake alikuwa fundi wa viatu, mama yake mshonaji wa nguo. Aliingia seminari ya Palermo akiwa na miaka 16, akapadirishwa tarehe 2 Julai 1960.

Mwaka 1970 alitumwa Godrano, kijiji kidogo cha milimani. Huko jamaa zilikuwa zimeuana kwa kulipiza kisasi, na chuki ilirithiwa kama shamba. Padri hakutosheka kuhubiri kanisani. Aliwakusanya watu katika nyumba zao, wachache wachache, wasome Injili pamoja. Kazi hiyo ilikwenda polepole. Alikaa huko miaka 8, na waliokuwa hawasalimiani wakaanza kusameheana. Baadaye alirudi mjini, akafundisha dini shuleni na kuwasaidia vijana watambue wito wao.

Mwaka 1990 Askofu Mkuu alimpa parokia ya Mtakatifu Gaetano, katika mtaa ule ule aliozaliwa. Brancaccio ilikuwa na watu wapata elfu 8, lakini haikuwa na shule ya wale waliomaliza shule ya msingi. Watoto wengi walishinda njiani, na familia za Mafia ziliwatumia katika biashara ya madawa ya kulevya. Enzi yote ya mtaa ilikuwa mikononi mwa ndugu wawili, Giuseppe na Filippo Graviano.

Padri Pino hakuandamana na bendera, wala hakutafuta kuandikwa magazetini. Alifanya mambo madogo. Fedha ambazo watu wa Mafia walizoea kutoa kwa sikukuu ya parokia, alizikataa. Paa la kanisa lilipohitaji kutengenezwa, wajenzi waliopendekezwa na wakubwa aliwakataa vilevile. Pamoja na wakaaji wa njia ya Hazon aliandikia wakuu wa mji, akaomba shule, mifereji ya maji machafu na daktari. Barua ya kuomba mifereji! Mtu aweza kucheka. Lakini wakubwa hawakucheka, kwa maana mtu akipata shule na mfereji kwa haki yake, ataendea nini tena mlangoni pao?

Mwezi wa Januari 1993 alifungua nyumba ya kuwalea watoto na kusaidia maskini, akaiita Baba Yetu. Jina hilo lilieleweka mara moja mtaani. Mkubwa wa Mafia hupenda kuitwa baba, na kundi lake hujiita Kitu Chetu. Watoto waliocheza na kusoma katika nyumba hiyo waliambiwa kwamba Baba wao ni mmoja, yuko mbinguni, wala hawalazimiki kumpigia magoti mwingine.

Nyakati hizo zilikuwa za kutisha. Mwaka 1992 Mafia walikuwa wamemwua hakimu Falcone mwezi wa Mei na hakimu Paolo Borsellino mwezi wa Julai, wote wawili kwa mabomu. Tarehe 9 Mei 1993 Papa Yoane Paulo wa Pili, akiwa Agrigento katika Sicilia, aliwakaripia Mafia hadharani na kuwaonya kwamba hukumu ya Mungu itakuja. Miezi miwili baadaye mabomu yalilipuka huko Roma penye makanisa mawili. Brancaccio nako milango ya nyumba za watu waliomsaidia Padri Pino ilichomwa moto. Yeye alisema juu ya hayo kanisani, akawaalika waliofanya hivyo waje wazungumze naye. Hawakuja.

Tarehe 15 Septemba 1993 alitimiza miaka 56. Usiku, alipofika penye mlango wake, watu wawili walimkaribia, Gaspare Spatuzza na Salvatore Grigoli. Spatuzza alimnyang'anya mkoba na kumwambia kwamba ni wizi. Padri aliwatabasamia, akawajibu kwamba alikuwa akiwangojea. Grigoli akampiga risasi kisogoni.

Wauaji hao wawili walikamatwa mwaka 1997, na kwa nyakati mbalimbali waliungama mbele ya mahakama. Wote wawili walikumbuka tabasamu lile. Ndugu Graviano walihukumiwa kifungo cha maisha.

Wengine waliuliza: Je, mtu aliyeuawa na wabatizwa aweza kuitwa mfiadini? Eklezia ilichunguza miaka mingi, ikaona kwamba watu wa Mafia, hata wakibeba sanamu katika maandamano, njia yao ni adui wa Injili, na kwamba Padri Pino aliuawa kwa kuichukia imani. Tarehe 25 Mei 2013, huko Palermo, alitangazwa kuwa Mwenye Heri mbele ya makumi elfu ya watu.

Familia za kiapo hazikwisha. Zimepunguza kuua, zikajificha katika biashara. Katika jimbo la Calabria, ng'ambo ya mlango wa bahari, kuna kundi jingine liitwalo 'Ndrangheta, ambalo ni la koo hasa, baba na wana na wakwe, nalo sasa lina nguvu kupita Mafia wa Sicilia. Huko Oppido Mamertina, mwezi wa Julai 2014, waliobeba sanamu ya Bikira Maria walisimama mbele ya nyumba ya mkubwa aliyehukumiwa, kana kwamba Mama wa Mungu ampe heshima. Askofu akasimamisha maandamano katika jimbo lake lote. Mkubwa Matteo Messina Denaro, aliyejificha tangu mwaka 1993, alikamatwa Palermo mwezi wa Januari 2023 tu. Alikuwa ameishi karibu na mji aliozaliwa, akienda kutibiwa kwa jina la mtu mwingine, na majirani wakanyamaza. Na mwezi wa Februari 2025 polisi walikamata watu zaidi ya 100 katika Palermo na kandokando yake.

Lakini wapo pia wenye maduka, mamia kwa mamia, walioungana tangu mwaka 2004 na vijana wa mji huo na kukataa waziwazi kulipa fedha za hofu.

Shule ambayo Padri Pino aliiomba ilifunguliwa Brancaccio mwaka 2000, nayo imepewa jina lake.