Daktari Fleming na Ukungu wa Penisilini

Mzazi wa Tengeru au Nkoaranga aliyewahi kumuuguza mtoto hospitalini kwa homa ya mapafu anaijua sindano. Kwanza mtoto hupimwa uzito, maana mtoto wa kilo 8 hapewi dawa sawa na mtoto wa kilo 16. Kisha muuguzi humchoma kwa saa zilizopangwa, usiku na mchana. Mara nyingi dawa hiyo ni penisilini, au ampisilini ambayo ni ndugu yake. Aliyegundua penisilini ni Daktari Alexander Fleming.

Fleming alizaliwa mwaka 1881 huko Scotland, kaskazini ya Uingereza. Wazazi wake walikuwa wakulima. Baba yake alifariki yeye akiwa na miaka 7. Alifanya kazi ya ukarani London, halafu akasomea udaktari. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alitibu askari huko Ufaransa. Wengi waliponea risasi, lakini wakafa kwa vidonda vilivyooza.

Mwezi Septemba 1928 alirudi kazini kutoka likizo. Mezani alikuwa ameacha visahani alivyooteshea vijidudu vya majipu. Meza yake haikuwa nadhifu, na safari hii jambo hilo lilimsaidia! Kisahani kimoja kilikuwa kimeota ukungu, kama ule unaoota juu ya mkate uliokaa siku nyingi. Mtu mwingine angekitupa. Fleming alikitazama, akaona kuwa vijidudu vilivyo karibu na ukungu vimekufa.

Hata hivyo, hakuweza kuisafisha dawa hiyo ifae kutibu watu. Kazi hiyo waliifanya Howard Florey, Ernst Chain na wenzao mjini Oxford. Mwaka 1941 walimtibu askari polisi mmoja. Alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha kabla hajapona. Vijidudu vikapata nguvu tena, naye akafa.

Mwaka 1945 Fleming, Florey na Chain walipewa Tuzo ya Nobel. Katika hotuba yake Fleming hakuisifu dawa tu, bali alionya pia. Alitoa mfano wa mtu anayeumwa koo. Mtu huyo anajinunulia penisilini, anatumia kidogo tu. Vijidudu havifi, vinaizoea dawa. Kisha anamwambukiza mkewe. Mke anapata homa ya mapafu, anapewa penisilini, lakini haimsaidii. Anakufa. Fleming aliuliza ni nani aliyemuua mama huyo. Alijibu mwenyewe kuwa ni mumewe.

Wako watu wanaotumia dawa hizi hata kwa mafua, ingawa haziyatibu. Wengine huacha dawa ya mtoto mara homa inaposhuka, wakaweka chupa kabatini.

Fleming alifariki London mwaka 1955. Vijidudu vya majipu, aina ile ile aliyoiona ikifa kisahanini, leo kwa sehemu kubwa haviuawi tena na penisilini. Mtoto akilazwa navyo, daktari hulazimika kutafuta dawa nyingine.