Isidori Bakanja, Aliyeshika Ubatizo Wake hadi Kufa

Wakatekumeni wapenzi, wapo watu wanaodhani ya kuwa siku ya Ubatizo ndiyo mwisho wa safari. Mafundisho yamekwisha, jina jipya limepatikana, basi wao hupumzika. Sikilizeni habari za kijana mmoja wa nchi yetu ya Kongo, mpate kufahamu ya kuwa siku ile safari ndiyo kwanza yaanza.

Bakanja alizaliwa katika kijiji cha Bokendela, kwa Wamongo, mwishoni mwa karne ya 19. Angali kijana alikwenda Mbandaka kutafuta kazi, akawa msaidizi wa waashi. Huko alikutana na Mapadri Watrapisti, akafuata mafundisho kwa bidii. Tarehe 6 Mei 1906 alibatizwa, akaitwa Isidori. Akapewa pia skapulari ya Bikira Maria wa Mlima Karmeli, yaani vitambaa viwili vidogo vilivyoungwa kwa uzi, ambavyo Mkristo huvivaa shingoni kuwa alama ya kujiweka chini ya ulinzi wa Mama wa Mungu.

Baadaye akawa boi wa Mzungu mmoja wa kompani, akafuatana naye hadi Ikili, mbali na misioni. Huko hakuwa na Padri wala kanisa. Lakini rozari yake alikuwa nayo, na kusali hakuacha. Tena aliwafundisha wenzake kazini sala alizojifunza.

Msimamizi wa mahali pale aliwachukia Mapadri na dini yao. Akamkataza Isidori kufundisha sala, akamwamuru kuivua skapulari. Isidori alikuwa mtumishi mtiifu katika kazi zote, lakini neno hili hakulikubali. Akaomba ruhusa kurudi kwao, akanyimwa. Akapigwa fimbo, naye hakuivua.

Siku moja mwaka 1909 hasira ya msimamizi ikawaka kupita kiasi. Alimnyang'anya skapulari, akaamuru apigwe kwa mjeledi wa ngozi ya tembo wenye misumari. Isidori alipigwa zaidi ya mara 100, mgongo wake wote ukawa jeraha. Kisha akafungwa minyororo miguuni. Mkaguzi wa kompani alipokaribia kufika, msimamizi alimwondosha Isidori ili asionekane. Naye akajificha mwituni, akajikokota hadi mbele ya mkaguzi. Huyo alishtuka mno, akamchukua ili atunzwe. Lakini majeraha yalikuwa yamekwisha oza.

Mnamo mwezi wa Julai Mapadri walifika kwake. Aliungama, akapakwa mafuta matakatifu, akapokea Komunyo. Walipomhimiza kumsamehe aliyemtesa, alijibu ya kuwa hana chuki naye, tena akifika mbinguni atamwombea sana. Tarehe 15 Agosti 1909, sikukuu ya Bikira Maria kupalizwa mbinguni, alikufa akiwa na rozari mkononi na skapulari shingoni. Tarehe 24 Aprili 1994 Baba Mtakatifu Yohane Paulo II alimtangaza kuwa Mwenyeheri.

Fikirini jambo hili. Tangu Ubatizo wake hata kifo chake ilipita miaka mitatu tu na miezi michache. Hakuwa Padri, hakuwa mtu wa cheo. Alikuwa mfanyakazi, kama baba zenu na kaka zenu. Nguvu ya kuvumilia fimbo hakuipata siku ya fimbo. Aliipata katika sala za kila siku, alizozisali pasipo kuonwa na Padri wala kuhimizwa na mkatekista.

Basi, nawe mkatekumeni, utakapokwenda mbali kutafuta kazi, usiiache sala yako njiani. Wakikucheka, vumilia. Wakikuuliza, fundisha. Wakikutesa, samehe. Anayedumu katika mambo madogo ya kila siku, Mungu humtegemeza siku ile iliyo kubwa.

Mwenyeheri Isidori Bakanja, utuombee.