Balaamu Mwana wa Beori

Zamani za Musa, wana wa Israeli walipopiga kambi katika mbuga za Moabu, ng'ambo ya Yordani, Balaki mfalme wa Moabu alishikwa na hofu kuu. Akatuma wazee hata Petori, karibu na mto Efrati, kwa mwaguzi mwenye sifa, jina lake Balaamu, ili aje kuwalaani. Nao walichukua ujira mikononi.

Usiku Mungu alimkataza Balaamu, kwa kuwa taifa lile lilikwisha kubarikiwa. Balaamu akatii. Lakini walipofika wajumbe wakubwa zaidi, wenye ahadi ya heshima nyingi, alimwuliza Mungu mara ya pili, kana kwamba neno la Mungu ni bei ya sokoni. Mungu akamwacha aende, ila aseme tu atakaloambiwa.

Njiani malaika alisimama na upanga. Punda alimwona, mwaguzi hakumwona. Mara tatu punda alimwepa malaika, mara tatu akapigwa, hata Mungu akamfumbua kinywa amlaumu bwana wake.

Katika vilima vitatu vya Moabu, mahali baada ya mahali, zikajengwa altare saba, wakachinjwa mafahali saba na kondoo waume saba. Mara zote tatu laana iligeuka baraka. Balaki akamfukuza bila ujira. Hapo Balaamu akatabiri nyota itakayotoka kwa Yakobo. Mababa wa Eklezya wakafahamu kuwa nyota hiyo ni Yezu Kristu.

Maneno yake yalikuwa ya kweli, lakini moyo wake haukugeuka. Kwa shauri lake Waisraeli walivutwa na wanawake wapagani kumwabudu Baali wa Peori, wakafa watu 24,000. Naye aliyetamani kufa kifo cha wenye haki aliuawa kwa upanga, pamoja na wafalme watano wa Midiani.

Jina lake halikusahauliwa. Mwaka 1967, huko Deir Alla katika nchi ya Yordani, wachimbaji walikuta maandishi ya kale, ya miaka 800 hivi kabla ya Kristu, yanayomtaja Balaamu mwana wa Beori.

Ndugu wakatekumeni, Mungu aweza kusema kweli yake hata kwa kinywa cha mtu mwenye tamaa. Basi msiidharau kweli kwa sababu ya udhaifu wa anayeileta. Lakini kinywa hakiokoki kwa kutamka tu. Anayejua katekisimu yote kwa moyo, naye hataki kuacha dhambi yake, anaifuata njia ya Balaamu.